Zinia za Mwalimu Mkuu

Mwaka ule mvua iliukimbia mkoa wetu, na serikali ikatukusanya. Kila familia iliyokuwa ikihamahama nje ya mji wa Garissa iliingizwa ndani ya seng'enge, eti ili shifta, wale waasi wa porini, wakose wa kuwalisha. Mifugo nayo ikaingizwa. Majani yakabaki nje. Sisi wanafunzi wa bweni, watu wenye elimu, tulieleweshwa kwamba huo ndio usalama.

Ndani ya usalama huo alikuwamo Eedo Ebla, dada yake baba, pamoja na Lul, mjukuu wake mchanga aliyefiwa na mama. Lul aliishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja. Mbuzi aliishi kwa kutafuna magunia.

Shule yetu, wakati huohuo, ilikuwa na bustani ya maua. Mwalimu mkuu, Bwana Musembi, aliagiza mbegu za zinia kutoka Nairobi, na kila asubuhi tulishuka hadi mto Tana na ndoo kwenda kuzitekea maji. Nyekundu, manjano, zambarau. Zilipendeza, nakubali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Njia yetu ilipita kando ya seng'enge. Wazee waliyatazama maji yakienda kunywesha maua. Heri wangetutukana.

Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atatutembelea, na shule itamkabidhi shada. Nilijitolea kwa unyenyekevu kuwa fundi wa mashada. Bwana Musembi alinifundisha mwenyewe.

"Kata shina refu, Korane, juu kidogo ya jicho, litachipua tena. Kisha pukutisha majani yatakayozama majini, yasije yakaoza. Umeelewa?"

"Kabisa, bwana."

Nilifanya mazoezi kwa bidii ya kutisha. Ofisi ikawa na maua, bwalo likawa na maua, hata choo cha walimu kikawa na maua. Majani niliyapukutisha toka chini mpaka shingoni, na kila jioni niliyapenyeza kwenye seng'enge.

"Waryaa, we kijana, ongeza mashina," Eedo alisema, kwani shukrani si desturi yake. Kiwele cha mbuzi kilijaa tena, na Lul akaacha kulia kwa sauti ya paka.

Mgeni alipofika, wazee na akina mama walipangwa nyuma ya seng'enge wapige makofi. Nikampa shada langu: maua makubwa juu ya vijiti vitupu. Makofi yakakatika. Kwetu anayetakiwa amani hupewa majani mabichi mkononi. Kumpa mtu vijiti visivyo na jani ni kumwambia, nyasi zisiote upitapo. Mama mmoja aliziba mdomo kwa shela, mabega yakimtikisika.

"Shada safi!" alisema mgeni. "Kijana, omba chochote."

Sikuwa nimelipanga hilo, lakini ombi lilikuwa tayari kinywani.

"Naomba mbuzi mmoja atolewe akalishwe, mheshimiwa. Kuna mtoto mchanga anayemtegemea."

Alicheka mpaka kitambi kikatetemeka. "Leo mbuzi, kesho tutaombwa tumfungulie shifta mlango!" Maafisa wakacheka pia, kwa kufuata vyeo, Bwana DC, mkuu wa wilaya yetu, kwanza.

"Basi mheshimiwa ajue alichoshika," nikasema, na kwa Kiswahili safi nilichofundishwa na shule hiyohiyo nikamweleza.

Shada likaanguka vumbini. Bwana Musembi alinivuta sikio hadi nyuma ya ofisi.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Kilichovuliwa ni maua tu, bwana."

Viboko vilivyofuata sitavieleza, vilijieleza vyenyewe. Alipochoka akanguruma, "Nenda ukang'oe zote! Sitaki kuona hata mzizi!"

Nikang'oa. Nunow na Duale, wenzangu wa bwenini, wakaja kunisaidia bila kuitwa, na tukazibeba zinia zote mpaka kwenye seng'enge.

"Nini hiyo?" askari wa zamu akauliza.

"Amri ya mwalimu mkuu, afande."

Mbuzi wote wa ndani walikuja mbio. Maua, majani, mizizi, vyote vilikwisha kabla udongo haujatukauka mikononi. Eedo Ebla alikuwa amemshika mbuzi wake pembe, asisukumwe na wengine. Lul alilala mgongoni pake.

"Zimekwisha?"

"Zote, Eedo."

"Ulikuwa na malisho ya kila siku, ukayauza kwa maneno ya asubuhi moja."

"Alicheka! Alimcheka Lul!"

"Nilimwona. Nilitaka kumtemea mate. Lakini mate hayanyweki, Korane. Kesho huyu atakunywa nini?"

Miguu yangu ilikuwa ikiwaka kwa viboko, na moyo zaidi.

"Nyumba ya Bwana DC ina mawaridi," nikasema. "Yamezunguka nyumba nzima."

"Mawaridi yana miiba."

"Na mbuzi wetu, Eedo, amelelewa kwa biskuti?"

Hakucheka. Alitazama alikosimama askari, akaingiza mkono chini ya guntino, shuka aliyojifunga, akanipenyezea kisu chake kidogo katikati ya nyaya.

"Chukua. Vya shule ni butu."