Nukta ya Kaburi la Mama

Zuena alikuwa Riyadh akilea watoto wa watu mama yake alipofariki nyumbani, Matungu. Mazishi yalifanyika siku hiyo hiyo. Jioni mdogo wake, Husseini, alimtumia ujumbe: nukta nyekundu juu ya ramani. "Hapa ndipo tulipomlaza, dada. Ukirudi, simu itakupeleka."

Kwa miaka mitatu, kila Ijumaa, Zuena aliifungua nukta ile akaitazama mpaka kioo kikazimika.

Aliporejea hakungoja kupumzika. Alifuatana na Husseini hadi makaburini, nyuma ya mashamba ya miwa. Vibao vya mbao vilikuwa vimeliwa na mchwa, na mvua zilikuwa zimesawazisha udongo mpaka makaburi yote yakafanana. Mtandao ulikatika, ramani ikawa kijivu, lakini alama ya buluu iliendelea kusogea, kwani setilaiti hazihitaji bando. Ikafika kwenye nukta. Mbele ya Zuena palikuwa na makaburi manne.

"Ni lipi?"

"Simu inasema hapo," Husseini alijibu.

Zuena alirudi nyuma hatua tatu, akakaribia tena. Safari hii alama iliruka, ikaangukia upande wa mikaratusi. Duara hafifu lilikuwa limeizunguka. Zuena alipoligusa, simu iliandika: usahihi, mita kumi na mbili.

"Maana yake nini?"

"Kwamba tuko mahali fulani ndani ya hilo duara." Husseini alizungumza polepole. "Miti inazuia mawimbi. Siku ile ya mazishi pia nilisimama chini yake nikihifadhi nukta. Sikujua, dada."

"Na wewe mwenyewe hukumbuki? Si ulishuka kaburini?"

"Nilishuka. Nilimpokea mikononi. Nakumbuka sanda tu. Sikuangalia kando, nilijua nimeshapahifadhi kwenye simu."

Zuena alitaka kumkaripia, akajizuia. Yeye mwenyewe siku ile hakuwepo kabisa.

Alitia simu mkobani, akachutama kwenye kaburi la kwanza, akaanza kung'oa magugu. Baada ya kitambo Husseini naye akachutama kwenye la pili.

"Hawa wengine ni kina nani?"

"Mmoja ni Mzee Abdulfatah, fundi wa baiskeli, ila sijui lake ni lipi. Wale wawili siwajui."

Zuena aliinua mikono akawaombea wote wanne, mama akimtaja kwa jina lake, Swafia.

"Tuwaulize wazee wa msikiti," Husseini alisema. "Labda yuko anayekumbuka."

"Kesho tutauliza. Sasa tumalize kung'oa magugu kwenye haya mawili yaliyobaki."