Video Nzima

Kabla ya Alhamisi ile, dada mtu alikuwa mwalimu wa watoto viziwi katika shule ya serikali, kitengo cha vyumba vitatu nyuma ya karakana ya useremala. Alikuwa mtu wa mikono. Hata akiongea na wenye masikio mazima mikono yake haikutulia. Mama yake alizoea kumwambia aweke kikombe chini kwanza ndipo asimulie. Akitoka kazini alirekodi video fupi za kufundisha sala kwa lugha ya alama, akaziweka mtandaoni, kwa sababu wazazi wengi wa wanafunzi wake hawakujua waanzie wapi kuzungumza na watoto wao habari za Mungu. Zilifika mia mbili na kidogo. Walioziangalia ni wazazi hao na watoto wao, basi.

Katika mojawapo alionyesha kosa ambalo watoto hulifanya mara kwa mara. Kuna neno la sala ambalo alama yake, kidole kikikaa vibaya, inageuka tusi la nguoni. Alionyesha hilo kosa, akatikisa kichwa, kisha akaonyesha alama sahihi mara tatu, polepole. Alhamisi moja mchana mtu akakata sekunde kumi na moja za lile kosa, akaandika juu yake kwamba mwalimu huyu anamtukana Mungu mbele ya watoto wasiosikia, akaziachia mtandaoni.

Jua halijazama, kila simu ilikuwa nazo. Asubuhi yake ofisi ya serikali inayosimamia mitandao ikaziandikia kampuni zenye mitandao hiyo: ondoeni ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo tunawazima nchi nzima. Kampuni hazikubishana. Ziliondoa klipu ile na, ili zisisumbuliwe tena, zikafuta ukurasa wote wa mwalimu pamoja na video nzima, ile ambayo mtu akiitazama kwa dakika mbili tu angejua ukweli. Dada mtu hakuwa na nakala. Alikuwa akifuta video kwenye simu kila akishazipandisha, apate nafasi ya nyingine. Alipoitwa mbele ya bodi ya shule alieleza kwamba kuna sehemu imekatwa. Wakamwambia ailete. Hakuwa na cha kuleta.

Akafukuzwa kazi. Mwenye nyumba akampa wiki moja ahame. Sokoni watu wawili walimrushia mawe, na jiwe moja likampata juu ya sikio la kushoto. Akarudi kwa mama, chumba cha nyuma, akawa anashinda amekalia mikono yake kama mtu anayesikia baridi.

Aliyekuwa akimwosha lile jeraha ni mdogo wake, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye mtaani walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Taratibu hakulia. Mama alipoanza kuombea kwamba Mungu awasamehe waliofanya vile, yeye aliinuka akaenda kumwaga maji ya damu. Alitaka kitu kimoja tu, jina la aliyekata.

Mwaka huohuo kampuni moja inayokagua video kwa niaba ya mitandao ikatangaza nafasi za watu wanaokijua Kiswahili vizuri. Wenzake waliomba kwa shida za maisha. Yeye aliomba kwa sababu alijua kwamba malalamiko yote hupitia mahali kama pale, na lalamiko haliandikwi na upepo.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi, meza arobaini, kila mtu na kompyuta yake na vipokea sauti masikioni. Video inaingia, unatazama, unabonyeza: iachwe, iondolewe, au akaunti ifutwe. Alifanya hivyo kwa miezi minane, akaona mambo ambayo hadi leo hajamsimulia mtu. Kwa kuwa hakuwahi kuchelewa wala kulalamika, msimamizi wake, mtu mwema mwenye vidonda vya tumbo, akamhamishia meza ya barua za serikali.

"Hapa hatuulizi kama kuna kashfa au hakuna," alimweleza siku ya kwanza. "Tunauliza zimebaki saa ngapi."

Kanuni ilikuwepo. Mkaguzi atazame video nzima kabla ya kuamua, kisha atie tiki kwenye kisanduku. Kila mtu alitia tiki. Wa kutazama hakuwepo.

Barua za zamani zilitunzwa humohumo. Siku ya tatu, wenzake wakiwa wamekwenda kula, Taratibu aliipata ile ya dada yake. Chini yake kulikuwa na lalamiko lenyewe, limeandikwa kwenye ukurasa wa malalamiko wa serikali, na jina, na kazi, na namba ya simu. Aliyelalamika alikuwa mwalimu wa chumba cha pili, jirani kabisa na darasa la dada yake. Shuleni walimwita Msafi kwa jinsi alivyofuta kila kiti kabla ya kukikalia. Alilipeleka lalamiko saa moja kabla klipu haijaonekana kwa mtu mwingine yeyote. Na ndiye aliyekuja kwao wiki ile na mfuko wa machungwa, akamwambia mama kwamba dunia imeharibika, akatikisa kichwa mpaka mama ndiye akawa anambembeleza. Miezi miwili baadaye alipewa ukuu wa kitengo, cheo ambacho dada mtu alikuwa ameshaambiwa ajiandae kukipokea.

Taratibu alisoma mara moja tu. Namba ya simu, tarehe na saa vikamkaa kichwani kama jina lake mwenyewe. Jioni alikula vizuri kuliko siku zote, mama akafurahi kwamba afadhali mtoto amepata hamu ya chakula.

Angeweza kuchukua lile lalamiko akaenda nalo bodini. Alilifikiria hilo kwa dakika chache akaliacha. Wangemwita Msafi, angesema aliona kashfa akatimiza wajibu wake, wangempa mkono. Yeye hakutaka Msafi aulizwe maswali. Alitaka aonje.

Msafi siku hizo alikuwa mtu mkubwa mtandaoni. Alikuwa na ukurasa wa kuwaonya vijana, wafuasi elfu arobaini, na ilisemekana serikali inataka kumweka kwenye kamati ya maadili. Kila akitoka kazini Taratibu alikaa jikoni kwa mama akimtazama. Alitazama video zake zote, mia tatu na kumi na mbili. Ilimchukua wiki tano. Katika moja, Msafi alikuwa akiwakemea wanaodhihaki sala, na ili aeleweke akaigiza mdhihaki mmoja, kwa sauti ya kubana pua na maneno machafu hasa. Halafu akasema, hivi ndivyo wanavyosema watu waliolaaniwa.

Taratibu akahifadhi video nzima kwenye simu yake. Kisha akakata sekunde tisa.

Alizipeleka kwenye ukurasa uleule wa malalamiko, kwa jina la kubuni na laini mpya, na kwa vikundi viwili vya wazazi wa shule. Hakuongeza neno. Kesho yake mchana barua ya serikali ikatua mezani kwake, saa ishirini na nne, kashfa dhidi ya dini, mhusika ni mwalimu wa watoto. Msimamizi akauliza kwa mbali kama ni jambo zito. Akajibu kwamba ni la kawaida. Akatia tiki kwamba ametazama video nzima, akabonyeza akaunti ifutwe, akaona mia tatu na kumi na mbili zikigeuka sifuri. Alisikia utamu kooni kabisa, kama aliyemeza asali. Alikaa hivyo kidogo, kisha akafungua barua iliyofuata.

Mambo yakaenda kama yalivyokwenda mara ya kwanza. Bodi ilimsimamisha Msafi kazi. Watu walisimama nje ya geti lake wakipiga kelele hadi akachungulia kwa tundu la mlango. Akaandikiwa aripoti polisi siku ya Jumatatu.

Jumamosi mchana alikuja kwa mama. Dada mtu alikuwa barazani akichambua mchele. Msafi alikaa kwenye kiti bila kukifuta, akaanza kueleza: wamemkata maneno, mwenye kusema maneno yale si yeye, alikuwa anamwigiza mtu, na video nzima imefutwa pamoja na ukurasa. Alikuwa amekwenda kwa kila mtu na hakuna aliyemwamini. Akamwomba dada mtu aende naye bodini, kwa kuwa yeye anajua jinsi jambo hili linavyokuwa.

Dada mtu aliweka ungo chini. "Na mimi alinikata nani?" aliuliza.

Taratibu alikuwa mlangoni. Akataja tarehe ya lile lalamiko, akataja saa, kisha akataja namba ya simu ya Msafi, tarakimu moja moja, bila kuangalia popote. Msafi akamgeukia.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Na video yako nzima ninayo," Taratibu akamjibu. "Eleza ulichomfanyia dada, mimi narekodi. Ukimaliza nakupa."

Alisimama mbele yake na simu. Mara ya kwanza Msafi alisema kulitokea makosa. Taratibu akazima, akamuuliza ni nani aliyekosea, akamwambia aanze upya. Mara ya pili akasema alipotoshwa. Akazima tena. Mara ya tatu alisema yote: kwamba alikuwa ameitazama video hadi mwisho, kwamba alijua ni somo, kwamba alikata kwa sababu ya cheo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Alipomaliza alinyoosha mkono.

"Nilikudanganya," Taratibu akamwambia. "Nenda nyumbani."

Kabla mtu yule hajafika kona, maungamo yake yalikuwa mtandaoni.

Dada mtu alimwambia Taratibu ampe Msafi video yake. Akakataa. Dada mtu, ambaye alikuwa hajapandisha sauti tangu siku ya mawe, akasema, "Aliyepigwa ni mimi, si wewe."

"Wewe ulipigwa, mimi nikaosha damu," Taratibu alijibu. "Kila mtu ana deni lake la kudai."

Hawakusemeshana tena siku ile. Asubuhi, Taratibu akiwa bafuni, dada mtu alichukua simu, akaituma video nzima ya Msafi kwa bodi, kwa polisi na kwa vikundi vyote vya wazazi. Taratibu alipotoka akamkuta amekaa kitandani na simu mapajani, akimsubiri. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba hawezi kurudi mbele ya watoto wake hali anajua kuna mtu ananing'inia kwa uongo, hata akiwa yule.

Polisi wakaachana na Msafi. Kazi hakurudishiwa, maana maungamo yalikuwa kwa sauti yake mwenyewe. Dada mtu aliandikiwa barua ya nusu ukurasa, bila neno pole, akarudi darasani wiki iliyofuata. Ukurasa wake haukurudi; kampuni ilijibu kwamba kilichofutwa kimefutwa.

Kwa upande wa Taratibu, serikali ilipoulizwa kwa nini imeagiza mtu asiye na hatia afutwe, ikaitupia lawama kampuni, na kampuni ikatafuta ni nani aliyetia tiki. Mashine ilionyesha kwamba hakuifungua video kabisa. Msimamizi alisoma jina la ukoo, akasoma na la mwalimu wa viziwi, akashika tumbo lake. Alimsindikiza mwenyewe hadi mlango wa chini.

Mama alimuuliza kama ilifaa, kupoteza kazi nzuri kwa ajili ya mtu kama yule. Taratibu alisema ilifaa. Alisema kosa lake ni moja, kuacha simu kitandani.

Sasa anapiga chapa barua za watu katika duka la nakala. Yeye na dada yake wanaongea habari za chumvi na maji, si zaidi. Mama amekata tamaa ya kuwapatanisha. Taratibu akitoka kazini hupita mtaa anaokaa Msafi, japo si njia yake na unamrefushia safari kwa nusu saa. Juzi alimkuta kwenye kizingiti akifua nguo zake kwenye beseni. Msafi alimwamkia. Taratibu alisimama akamtazama, hakujibu, akaendelea kumtazama hadi mwenzake alipoinamisha uso kwenye povu. Ndipo akaendelea na safari yake, mwendo wake uleule.