Pingamizi Dhidi ya Wayua

Mimi nikikasirika masikio huniwaka moto, na siku ile yaliwaka hata kabla filimbi haijapulizwa. Tulikuwa uwanjani Kangundo kwa mechi ya mwisho ya ligi ya netiboli, wasichana wasiozidi miaka kumi na miwili. Mshindi kati yetu na Katangi angepanda daraja la kwanza. Huko ndiko shule za bweni zilikokuwa zikitafuta wachezaji wa kuwasomesha bure, na kila mtu alijua wa kwanza kuchukuliwa kwenye timu niliyoifundisha angekuwa Wayua, mfungaji wangu.

Ndipo Onesmus, kocha wa Katangi, akaja kwenye meza ya kamati na kumnyooshea kidole.

"Huyu hawezi kucheza. Amepita umri."

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Abdisalan, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Machakos mjini, aliyetununulia mipira yote ya ligi. Alimtazama Onesmus kwa utulivu. "Umejuaje, mwalimu?"

"Nimesikia wakimwita Wayua. Mzee, kwetu Wakamba msichana akizaliwa wakati wa yua, yaani njaa, anaitwa Wayua. Na ile njaa kubwa ilikuwa themanini na nne. Sasa tuko tisini na nane. Huyu ako na kumi na nne."

"Jina si cheti," nikamwambia. "Jina linarithiwa."

Hilo nalo ni kweli. Mimi ni Mbula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, lakini binti yangu wa kwanza ana jina la mama mkwe wangu, kama desturi inavyotaka. Mume wangu hata humwita mwaitu, yaani 'mama yangu', na kumwamkia kwa heshima kama mzazi wake.

Onesmus alitabasamu. Nilitamani kulifuta tabasamu lile kwa kiatu. "Sawa, Mwalimu Mbula. Amerithi ya nani? Mama ya babake ni Wayua gani, wa wapi?"

Wayua hakuwa na baba tuliyemjua. Mamake, Nzembi, alimlea peke yake, akishona suruali katika kiwanda kimoja kule Athi River, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mtoto wa aina hiyo hupewa jina la upande wa mama, na nyanya yake wa upande huo aliitwa Kamanthe. Nilikuwa kwenye mazishi yake.

Sheria ilikuwa wazi. Asiye na cheti cha kuzaliwa, kama Wayua, mzazi wake asimame mbele ya kamati. Mtoto akionekana amepita umri, timu nzima inanyang'anywa pointi za msimu mzima. Wasichana wangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, na Wayua ameubana mpira kwapani.

"Mwalimu, niko na kumi na mbili," akaniambia.

"Ngoja kwanza."

Nzembi alikuwa mbali karibu na ua, mahali anaposimama siku zote. Nikamwita. Alipokuwa akija, nikakumbuka jambo lililonikata maini. Tulipokwenda Katangi mzunguko wa kwanza, Nzembi alimkataza mtoto kwenda, ati ana homa. Kesho yake nikamkuta Wayua anateka maji, buheri wa afya. Sasa nikaona nimeelewa: huko Katangi kulikuwa na mtu anayeujua umri wa mtoto, na mimi nimechezeshwa kama mjinga. Niliogopa kweli.

Onesmus alipomwona Nzembi, alivua kofia yake. Tabasamu lake likapotea.

"Mzee," akamwambia Abdisalan, "hii maneno tuiache. Wacha watoto wacheze."

"Hapana," Mzee akasema. "Pingamizi ikifika mezani inamalizwa mezani. Mama, huyu mtoto ako na miaka ngapi?"

"Kumi na mbili. Alizaliwa themanini na sita. Hakukuwa na njaa."

"Na mbona ni Wayua?"

"Ni jina la nyanya yake. Mama ya babake."

"Huyo nyanya tunaweza kumuuliza?"

"Ako mbali." Nzembi hakuinua sauti. "Lakini kuna mtu hapa anamjua. Muulize kocha wa Katangi mamake anaitwa nani."

Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya kuajiriwa Katangi, Onesmus aliwahi kufundisha hapa Kangundo, kijana mdogo asiye na mke, kisha akaondoka bila kuaga.

Angeweza kutaja jina lolote. Hakuna kati yetu aliyemjua mamake. Akisema Mwikali au Syombua, timu yake imepanda daraja na ndoa yake imebaki salama. Wasichana wake walikuwa nyuma yake wakimtazama, na wazazi waliokuja nao. Wayua naye alimtazama, mpira bado kwapani. Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mtoto huyu anavyosimama, mguu mmoja mbele, sawasawa na yule mtu aliyekuwa mbele yake.

Mzee Abdisalan hakumharakisha.

"Wayua," Onesmus akasema. "Mamangu ni Wayua."

"Na Kangundo ulikuwa mwaka gani?"

"Themanini na tano. Huo mmoja tu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Basi mtoto hawezi kuwa wa themanini na nne. Atacheza."

Nzembi alinipita akirudi kule karibu na ua. "Nilimpa hilo jina ili asiwahi kukosa kwao," akaniambia kwa sauti ya chini.

Wayua alikosa mipira miwili ya kwanza, kisha hakukosa tena. Tulishinda kwa bao moja. Nililia bila aibu.

Baada ya mechi timu hupanga mstari kupeana mikono, makocha mwishoni. Onesmus alipofikiwa na Wayua, aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili na kuinama, kama mtu anavyomwamkia mzazi wake.

"Hongera, mwaitu," akasema.

Wayua alimtazama, kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Niko na kumi na mbili, mwalimu," akamwambia, akanigeukia mimi.