Mahindi ya Kuku

Daktari alikataza mambo mawili: pombe, na mahindi yenye ukungu. Sulle alikuwa na virusi vya homa ya ini vya miaka mingi, na sumu ya ukungu ikikutana na ini la namna hiyo, saratani iko karibu. "Tena sumu hiyo haitoki hata ukichemsha," daktari alisisitiza. Bernadina, mkewe, hakusahau hata neno moja.

Sulle naye alitoka hospitali na sharti lake. "Mama asijue. Ataanza kunililia ningali hai." Alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, na kijijini kwao Bashay aliwaambia watu kwamba yuko nyumbani kwa sababu mashine zinasubiri vipuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtu anajua, lakini Sulle alikuwa mbishi tangu utoto.

Basi Bernadina akawa mtu wa ungo. Mahindi ya mwaka ule yalinyeshewa shambani wakati wa mavuno, na kila asubuhi aliyachambua punje moja moja. Safi zikawa za mumewe. Zenye ukungu hakuthubutu kuzitupa, maana katika ukoo ule ulioijua njaa, kutupa chakula ni laana. Alizijaza kwenye debe akampelekea mama mkwe wake, Letisia, nyumba ya jirani, awape kuku. Alijiona mjanja, maskini.

Miezi ikapita. Macho ya Sulle yakazidi kuwa ya manjano, tumbo likaanza kujaa. Bernadina alichambua mpaka vidole vikachubuka, asijue anakosea wapi.

Jumamosi moja alipeleka debe jingine, akamkuta Sulle kwa mama yake, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu togwa. Mwanangu ameacha pombe, nikasema nisimwache na kiu."

"Togwa ya mahindi gani, mama?"

"Si haya haya unayoniletea! Kuku wanayadonoa kwa maringo, nikaona ni hasara. Nayaosha, nayaanika, nasaga. Moto unaua kila kitu."

Mke hampokonyi mumewe kinywaji mbele ya mama mkwe, hilo halijawahi kuonekana. Bernadina alikipokonya kibuyu, akamwaga togwa yote mlangoni.

"Unamwaga chakula changu?" Letisia alisimama.

Bernadina alimtazama mumewe. Sulle aliinamisha kichwa. Basi Bernadina akasema mwenyewe, yote: virusi, ukungu, saratani.

Letisia alikaa chini polepole. "Tangu Krismasi," alisema. "Kila siku. Akikataa namlazimisha."

Akamshika Bernadina mkono, machozi yakimtiririka. "Daktari alikwambia sumu hiyo inatolewaje mwilini?"

Daktari hakuwa amesema.