Vyoo vya Wageni

Mama mkwe wangu ana mdomo, na miaka yote nimemwogopa. Lakini mwanamke yule, jamani, acheni nimsifu angali hai.

Mimi ni mpishi wa shule ya hapa kijijini. Wageni wafadhili walitujengea vyoo vya wasichana: matofali, milango yenye komeo, hata maji na sabuni. Tukapiga vigelegele. Waliovijenga walipotupa mgongo tu, mwalimu mkuu akatia kufuli mlango wa nje. "Watoto watavichafua," akasema. "Wageni wakirudi kukagua, tutawaonyesha nini?" Ufunguo ukabaki mfukoni mwake, na wasichana wakaendelea kwenda vichakani, wavulana wakiwachungulia na kuwazomea. Uso hauna haya!

Binti yangu alipovunja ungo, akawa kila mwezi anajificha nyumbani. Baadhi ya wenzake walishaacha shule kabisa. Mume wangu naye akachoka: "Akikosa tena, basi. Abaki hapa asaidie kazi." Nililia jikoni pale shuleni nikisingizia moshi. Kumkabili mwalimu mkuu sikuthubutu, maana ndiye aliyenipa kazi.

Mama mkwe alikuja kuniletea kuni, akanikuta hivyo. Nikamweleza yote.

"Sasa machozi ndiyo yatafungua mlango?" akaniuliza. Akajifunga kitenge kiunoni, huyoo, mpaka ofisini. Nikamfuata kwa mbali, mwiko mkononi, roho juu.

"Shikamoo mama, karibu!" mwalimu mkuu akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Mimi hapa ni mgeni, sijawahi kukanyaga ofisi hii. Tumbo linanisokota. Choo cha wageni kiko wapi?"

Angemwambia nini? Mama mzima, tena mgeni, aende kichakani? Akatoka mbio, akafungua mwenyewe, kufuli akaliacha likining'inia kwenye komeo. Mama mkwe akalichomoa, akaingia nalo. Tukasikia: chubwi!

"Mama! Kuna nini huko?"

"Kufuli limeniponyoka, mwanangu. Limo shimoni. Ukilitaka, karibu, njia ni hii hii."

Nilicheka mpaka mwiko ukaanguka. Mwalimu mkuu alifura, lakini mama mkwe alipotoka hakuwa anacheka hata kidogo.

"Wageni wako wakija," akamwambia, "usiwaonyeshe choo. Waonyeshe wasichana."

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Kesho yake akapanga zamu za usafi, na milango ikabaki wazi.

Mwezi uliofuata, siku za binti yangu zilipofika, alivaa sare akaenda. Mchana alipita jikoni kwangu na wenzake wawili waliokuwa wameacha shule, wakinitania kwamba uji wangu ni maji ya kunawa. Wajinga wale! Nikawajazia vikombe.

Jioni nikaenda kumshukuru mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Mimi niliacha shule kwa jambo hilo hilo," akasema. "Hakuna mtu aliyekwenda kunisemea."

Nikamtoa ungo mikononi, nikauweka kando, nikamkumbatia.