Ukoo wa Pipa la Rangi

Alhamisi saa nne, chai ikimiminwa, Paskalina alitoa mikono kwenye pipa la rangi nyekundu, akaifuta kwa gunia, akampelekea Bosi Egidius barua ya daktari. Alikuwa ametia ngozi rangi katika karakana ile ya Nangara miaka kumi na tisa, na tangu Pasaka alikuwa anakojoa damu. Alitaka kitu kimoja tu: ahamishiwe meza ya kukata mikanda, mbali na mapipa.

Barua ilisema ni saratani ya kibofu, imewahiwa. Ilitaja mambo mawili yanayoweza kuwa yamechangia: zile rangi, na kwamba baba yake naye aliugua hivyo hivyo. Egidius alisoma yote, akaweka kidole kwenye neno baba.

"Pole, Mama Noela. Lakini hii ni ya ukoo wenu. Nikikuhamisha, damu yenu utaiacha wapi? Na mkoa huu mpya unafungua ofisi kila siku, oda za viti zimejaa. Nani atashika pipa?"

Kesho yake akaja marehemu baba yake Paskalina, Mzee Baltazar. Alisaini daftari la wageni getini, akaketi kwenye benchi, kofia magotini. Kucha zake zilikuwa bado za bluu, kama alivyozikwa nazo. Paskalina alimwamkia, akampa chai.

"Shikamoo, Mzee," alisema Egidius.

"Marahaba. Baba yangu alichunga ng'ombe Dareda hadi miaka tisini, hakukojoa damu hata siku moja. Mimi ndiye niliyeanza, hapo kwenye pipa la bluu."

"Ila wewe ndiye baba yake. Si ndicho ninachosema?"

Mzee akavaa kofia yake. Akaenda kuwaita wenzake.

Jumatatu wafu walikuwa saba, benchi halikutosha, wengine wakakalia marobota ya ngozi. Kila mmoja alikuwa na kucha za rangi ya pipa lake. Wanawake wa karakana walimzunguka marehemu Redempta wa Singida, wakamuuliza kama anajua mumewe ameoa tena.

"Najua. Hata kusonga ugali hajui huyo mke mpya, maskini."

Egidius alimnyooshea kidole Konstantini wa Rombo. "Huyu alikuwa anavuta sigara."

"Nilivuta," Konstantini alikubali. "Pakiti kwa siku."

"Mimi sikugusa hata ugoro," alisema Redempta. "Na kwetu hajaugua mtu."

Egidius aliwaza mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua karatasi, akaandika majina yote, la Paskalina pia, chini ya la Baltazar. Watu wanane wenye ugonjwa mmoja, alisema, ni ukoo mmoja, hata kama hawakujuana. Paskalina akapata baba wadogo wanne na mashangazi wawili kabla ya saa sita. Wafu walikuwa wamechoka, walitoka mbali, hawakubishana. Redempta aliosha vikombe, wakaondoka.

Paskalina alirudi kwenye pipa.

Wiki iliyofuata alikuja Vailet, binti wa Sigino, kuomba kazi. Egidius alimuuliza kama ana ndugu yeyote pale karakana. Akasema hana. Akapewa pipa la bluu.

Paskalina alimtazama kucha, akamsogezea gunia la kufutia mikono.

"Niite shangazi," alimwambia.

Vailet akauliza undugu wao unaanzia wapi. Paskalina akampa fimbo ya kukorogea.