Mawe Bapa ya Uani

Mshonaji hakuwahi kuchagua sakafu maishani mwake. Alikozaliwa, sakafu ilikuwa ya baba. Alikoolewa, ya mama mkwe. Na katika vyumba vya kupanga ilikuwa ya mwenye nyumba, ambaye hakutaka hata msumari upigwe ukutani. Sasa walikuwa na nyumba yao, ndogo lakini yao, na nyuma ya jiko palikuwa na kiwanja cha udongo ambacho mvua ikinyesha kiligeuka uji. Asubuhi hiyo mumewe, dereva wa malori, alimwambia akiwa mguu ndani mguu nje:

"Hapo uani tuweke baraza la kupumzikia. Chagua wewe. Utakachokipenda, nami nitakipenda."

Maneno hayo yalimlewesha. Alishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa kulia, akafumua, akashona tena vilevile. Alipoona kazi haiendi, alifunika cherehani, akampitia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuwa hata usingizini alikuwa na la kusema.

"Wifi, twende tukanunue sakafu."

"Unasema kama tunakwenda kununua nyanya," alijibu Chiriku, lakini tayari alikuwa anatafuta viatu.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na ua mpana, na humo kila aina ya sakafu ilikuwa imetandazwa kidogo ili wateja waikanyage. Muuzaji, mwanamume mwembamba mwenye tai fupi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye vigae vilivyong'aa hadi Chiriku akajiona meno.

"Vikilowa je?" aliuliza Mshonaji.

"Havitelezi hata kidogo. Nakuhakikishia, dada."

Chiriku hakungoja. Alichota maji kwenye pipa, akayamwaga. Muuzaji, ambaye alikuwa mtu wa kusimamia neno lake, alipanda juu ya vigae kifua mbele. Mguu mmoja ukaenda huku, wa pili ukaenda kule, mikono ikapaa kama ya mwongoza kwaya, naye akateremka taratibu mpaka akakaa kitako. Akatulia hapo, akiwaza.

"Hivi," alisema hatimaye, "ni vya ukutani."

Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu, na muuzaji mwenyewe akaangua kicheko. Tangu hapo hakusema tena uongo. Mbao? Nzuri, ila mchwa watakushukuru. Matofali ya saruji? Imara, lakini majani yataota katikati, utayang'oa mpaka uyaote ndotoni. Kokoto alimwachia Chiriku azijaribu. Alipita juu yake, krach, krach.

"Hapana," alisema Chiriku. "Kila mgeni atasikika kama ng'ombe anatafuna."

Kwenye kona, karibu na ukuta, kulikuwa na mawe bapa: mengine ya kijivu, mengine yenye wekundu wa kutu, hakuna mawili yaliyolingana, lakini yalikuwa yamepangwa yakapatana. Mshonaji alivua viatu, akakanyaga. Jiwe lilikuwa na joto la jua, nalo lilishika unyayo bila kuukwaruza. Akatembea. Akakaa. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akajinyoosha chali, akatazama mawingu.

"Wifi, watu wanatutazama," alisema Chiriku.

"Waache watazame. Njoo usikie."

Chiriku alilala kando yake na, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akakosa la kusema. Fundi bomba aliyekuja kununua viungio vya mabomba alisimama karibu nao.

"Ni wagonjwa?" alimuuliza muuzaji.

"Wanachagua sakafu."

Fundi bomba alifikiri kidogo, akaweka mkoba wake chini, akakaa kwenye jiwe la pembeni. Muuzaji naye akakaa. Mazungumzo yakanoga: habari za watoto, za bei, za goti la fundi bomba, mpaka simu ya Mshonaji ilipolia.

"Umechagua?" aliuliza mumewe.

"Nimechagua. Niko hapa nimelilalia."

"Umelalia nini?"

"Baraza letu. Tuna wageni wawili."

Mumewe akasema, kwa sauti ya mtu anayetabasamu, "Wasalimie."

Muuzaji alitaka kumchagulia mawe ya rangi moja. Mshonaji alikataa, alitaka yote yaliyochanganyika, yale yale, na akayateua mwenyewe moja baada ya jingine, akiligonga kila moja kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. Jua lilipoanza kupungua nguvu, mzigo ulikuwa kwenye gari la duka, nao mawifi wamebanana mbele pamoja na dereva wake. Barabara ilikuwa na mashimo. Kila gari liliporuka, mawe yaligongana nyuma, na wao wakacheka upya.

"Mnacheka nini?" aliuliza dereva.

Walitazamana, wakatafuta jibu kwa dhati, wakalikosa, wakacheka zaidi, mpaka dereva naye akaanza kucheka, akapitiliza kona ya kwao.